Kupima pikipiki kwa laptopu au simu: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Swali naloulizwa sana ni hili, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ninunue mashine gani nijipimie mwenyewe? Na wengi wakija kuuliza tayari wameshanunua, wana kale kadude kadogo ka Bluetooth ka gari, wamefika nako nyumbani wakafungua kiti wakakuta hakuna pa kukachomeka. Inaniuma kwa sababu hela ya kifaa kizuri ipo, ila imeshagawanyika kwenye vitu vitatu visivyofanya kazi. Kwa hiyo kabla sijapanga kipi cha kwanza na kipi cha mwisho, naomba ukague pikipiki yako mwenyewe, maana jibu lote linaanzia hapo.

Angalia kama ina kompyuta ya injini kweli. Boxer, TVS HLX na za Kichina nyingi tunazopigia bodaboda ni kabureta na CDI (kiboksi cha kuwasha cheche tu, siyo kompyuta). Ukifuata bomba la hewa kutoka kwenye chujio ukakuta kabureta yenye bakuli lake la mafuta na skrubu ya kurekebisha silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta moto), hapo hakuna programu yoyote duniani itakayoongea nayo, hiyo hela nunua plagi nzuri na chujio. Kinachopimwa ni pikipiki ya injekta, yaani inayopulizia mafuta kwa amri ya kompyuta.

Kama ni ya injekta, tafuta soketi ya kupimia (nikisema soketi ni kile kichwa cha kuchomekea kebo, siyo plagi ya cheche). Mara nyingi iko chini ya kiti au pembeni ya betri, imefunikwa na kifuniko cha mpira. Triumph wana ya pini 16, ile ile ya gari. BMW walikuwa na ya duara ya pini 10 miaka mingi, halafu kuanzia kama 2017 wakahamia pini 16. Ducati za zamani, Moto Guzzi na Aprilia nyingi utakuta kakichwa ka pini 3. Honda wana pini 4, nyekundu, Suzuki pini 6, KTM nao pini 6 yao. Halafu kuna pikipiki mpya zilizotoka chini ya sheria ya moshi ya Ulaya, Euro 5, iliyoanza 2020, hizo zina soketi moja ya pini 6 nyekundu, na za India zilizofuata sheria yao ya moshi, BS6, kuanzia Aprili 2020 nazo nyingi zina hiyo hiyo. Piga picha soketi yako, hesabu pini, ndo uende dukani na hiyo picha.

Kitu cha pili ni lugha. Kompyuta za zamani zinaongea kwa waya mmoja unaitwa K-line, za sasa zinaongea kwa waya mbili, CAN. Kwenye soketi ya pini 16 ukimulika na tochi unaweza kujua mwenyewe: pini ya 7 ikiwa na chuma ndani ni K-line, 6 na 14 zikiwa nazo ni CAN, ya 16 ni umeme wa betri, 4 na 5 ni negativu. Pikipiki nyingine zina zote mbili. Hii inachukua dakika mbili na ndo inaamua ununue kebo gani, lakini karibu kila muuzaji ukimuuliza K-line au CAN anakujibu "inasoma zote".

Na kwa wenye Honda, Suzuki na Yamaha, subirini kwanza. Mnaweza msinunue kitu kabisa. Honda nyingi za injekta ukiunganisha waya wa SCS (wa kuomba namba za hitilafu, mara nyingi wa kahawia) na wa negativu (mara nyingi wa kijani) kwenye ile soketi nyekundu, funguo ikiwa imezimwa, halafu ukawasha funguo, taa ya injini inaanza kukonyeza. Konyezo refu ni kumi, fupi ni moja. Saba ni sensa ya joto la maji, nane ni sensa ya throto, kumi na mbili ni injekta ya kwanza. Hakikisha hizo rangi kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako kwanza, soketi hiyo ina umeme na ukigusisha waya usio wake unaweza kuua kitu. Suzuki ukiunganisha pini zake mbili za huduma dashibodi inakuandikia yenyewe namba za hitilafu, C14, C15 na kadhalika. Yamaha nyingi kubwa, XT660 kwa mfano, unashikilia vitufe vya SELECT na RESET huku unawasha funguo, inaingia kwenye menyu ya vipimo. Hiyo ni bure na inatosha kujua kosa liko wapi.

Haya sasa, wa kununua.

Ya kwanza kwangu, kwa mtu mwenye pikipiki moja au mbili za miaka ya karibuni, ni adapta nzuri ya Bluetooth. Nasema nzuri. OBDLink LX au MX+ za Marekani ndo ninazoziamini, zinaongea K-line na CAN zote, zinafanya kazi na simu na laptopu, na hazipotezi mawasiliano katikati ya kazi. LX haiongei na iPhone, MX+ inaongea, ndo tofauti kubwa kwa mtu wa kawaida, na MX+ ni dola 100 na ushee kabla ya usafiri na ushuru. Unaongezea kakebo ka kubadilisha soketi, pini 6 kwenda 16 au pini 10 kwenda 16, ambako ni bei ndogo. Programu ya BMW ni MotoScan, ya Triumph, KTM na Aprilia ni TuneECU, na zote mbili ni za Android, kwa hiyo mwenye iPhone tafuta simu ya Android hata iliyotumika uiweke kwenye boksi la spana. Simu ya kazi hii haihitaji hata laini.

Mbona nimeweka hii juu ya laptopu? Kwa sababu pikipiki inaharibikia njiani. Ukiwa Dumila au Mtito Andei umesimama pembeni ya barabara hutatoa laptopu, utatoa simu, na kitu unachotaka kujua pale ni kimoja tu, ni sensa ya stendi imekata au ni pampu ya mafuta.

Ya pili ni kebo ya USB ya KKL (kebo ya kuunganisha laptopu na K-line) yenye chipu ya kampuni ya FTDI. Kwa pikipiki za K-line, Triumph za miaka ya 2000, Guzzi, Aprilia, Ducati za zamani, hii naiweka ya kwanza kabisa na simwambii mtu kitu kingine. Ni rahisi, inadumu, na programu zake nyingine ni za bure, GuzziDiag kwa mfano ni bure na inakwenda kwenye Windows na Linux. TuneECU ya zamani ya Windows nayo ilikuwa bure, ya sasa wanayoiendeleza ni ya Android ya kulipia, na hiyo ya Android unaweza kuchomeka kebo hii hii ukiwa na kikebo cha OTG, kile cha kuchomeka USB kwenye simu.

Ila hapo kwenye chipu ndo watu wanaumia na mimi niliumia. Nilinunua kebo ya bluu imeandikwa KKL, ina ganda zuri, nimekaa nayo siku mbili nafuta draiva naweka draiva, nikadhani pikipiki ya mteja imeungua kontroboksi (kompyuta ya injini), nikaanza hadi kumwandaa kisaikolojia kuhusu bei. Kumbe ndani ni CH340. Chipu hiyo siyo mbovu, ila TuneECU ya Windows inatafuta FTDI kwa jina, isipoikuta haifungui mlango. Sasa mi kebo yoyote mpya naipima kabla ya kutoka dukani, nachomeka kwenye laptopu, naingia Device Manager, nafungua sehemu ya Details, Hardware Ids. Ikisoma VID_0403 na PID_6001 inajitambulisha kama FTDI FT232, ikisoma VID_1A86 ni CH340, mrudishie. Na ukiona PID_0000 hiyo ni FTDI feki iliyofungwa, kuna draiva ilitoka 2014 kupitia Windows Update ikawa inazibadilishia namba chipu feki zisitambulike tena, kebo nyingi zilikufa siku moja na wenyewe hawakujua kwa nini.

Kama soketi yako ni ya pini 3, nunua kebo pamoja na kile kichwa cha Fiat cha pini 3 chenye waya mbili za klipu za mamba, nyekundu na nyeusi. Hizo klipu unabana kwenye betri ya pikipiki, maana kichwa hicho kinapata umeme kwenye klipu. Watu wanachomeka pini tatu wanaziacha klipu zinaning'inia halafu wanasema kebo mbovu, nimeona zaidi ya mara tatu.

Kuiunganisha kwenyewe siyo ngumu ukifuata mpangilio. Weka draiva kwanza kutoka kwa FTDI wenyewe, ndo uchomeke kebo. Kwenye Device Manager itatokea COM port (namba ya mlango ambao programu inaongea na kebo), sema COM14, ingia kwenye Port Settings, Advanced, ishushe iwe chini ya 10 maana programu za zamani hazioni namba kubwa, na hapo hapo kuna Latency Timer inakuja ikiwa 16, iweke 1. Hiyo moja tu imeshanitatulia "no response" nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu programu inasubiri jibu, jibu linachelewa kwenye kebo, programu inakata tamaa. Halafu kebo kwenye pikipiki, funguo on, swichi ya kuzimia injini iwe upande wa kuwasha (wengi wanasahau), injini isiwake, ndo ubonyeze Connect. Bluetooth kwenye laptopu nayo inatengeneza COM port, mara nyingi mbili, unachagua ile ya Outgoing, na namba ya siri ya kuoanisha kwa adapta za bei rahisi huwa 1234.

Ya tatu ni GS-911, na hii ni ya BMW peke yake. Inatengenezwa Afrika Kusini, na kwa mwenye BMW ya GS anayezunguka nayo Afrika Mashariki hakuna kifaa kinachomwelewa BMW kama hiki, kinasoma, kinafuta, kinaendesha vipimo vya ABS, kinarudisha saa ya sevisi. Kuna ya mtu binafsi inayokubali pikipiki 10 tu, namba za chesi zikijaa basi, na kuna ya karakana isiyo na kikomo. Hakikisha unaagiza yenye kichwa chako, pini 10 au 16. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu ukiuza BMW yako ukanunua KTM kifaa chote hakina kazi. Kundi la wenye BMW watano sita wakichanga wakanunua moja, hapo naipandisha namba moja bila kufikiria.

Ya nne, mashine za karakana kama TEXA ya Italia. Zinasoma karibu kila kampuni, na unalipia masasisho kila mwaka. Kama hupokei pikipiki za injekta kila wiki usiingie huko.

Ya mwisho ni vile vya ELM327 vya bei chee vilivyojaa kila duka la spea. Elm Electronics wa Canada walioanzisha chipu hiyo hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, kwa hiyo kila kilichoandikwa v1.5 ni kopi, na kopi zenyewe zinatofautiana, nyingine ziko sawa kabisa. Zilizoandikwa v2.1 ndo za kuogopa, nyingi zimepunguzwa amri ndani, zinaunganika vizuri na simu halafu zikifika kwenye pikipiki zinanyamaza. Ukibahatika ikasoma, itumie kusoma na kufuta namba za hitilafu tu, usiitumie kuandika kitu kwenye kompyuta ya injini. Adapta ikikata katikati ya kuandika ramani ya mafuta (jedwali linaloiambia kompyuta ipulizie mafuta kiasi gani) unaweza kubaki na pikipiki isiyowaka, na kuiamsha ni gharama kuliko OBDLink mbili.

Na kwa watakaofika huko kwenye kuandika ramani, kwa kebo yoyote ile: chaji betri usiku uliopita, siku ya kazi weka chaja ya kuisaidia, chomoa fyuzi ya taa kubwa zisimeze umeme, laptopu izimiwe usingizi na masasisho ya Windows, simu usiipokee. Programu ikiweza kusoma ramani iliyokuja na pikipiki, isome uihifadhi sehemu mbili kabla hujagusa chochote, kwenye laptopu na kwenye flashi, uandike na namba ya chesi kwenye jina la faili. Miezi sita baadaye ukiwa na ramani tatu zinaitwa "mpya" hutajua ipi ni ya nani.