Tathmini: Safari ya baiskeli kutoka London hadi Brighton

Safari ya baiskeli ya London hadi Brighton, ambayo taasisi ya British Heart Foundation huiandaa kila mwezi Juni, ni huduma ya kulipia. Mshiriki hutoa ada ya usajili, kisha huombwa kuchangisha fedha za utafiti wa maradhi ya moyo, kwa hiyo ni haki kuipima kama tunavyoipima huduma nyingine yoyote. Mimi na rafiki yangu, ambaye baba yake alifariki Tanga kwa mshtuko wa moyo, tuliimaliza pamoja, na ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu, hasa kwa watu wawili wasiolingana nguvu.

Njia yenyewe ni ya maili 54, yaani kilomita 87, kutoka Clapham Common kusini mwa London hadi barabara ya Madeira Drive iliyo kando ya bahari mjini Brighton. Haya si mashindano na hakuna anayetangazwa mshindi. Washiriki, ambao huwa maelfu, huondoka kwa makundi kuanzia asubuhi na mapema, na wanaokwenda wawili hawana budi kuchagua saa ileile ya kuondoka wakati wa kujisajili. Ukishatoka nje ya jiji unapita vijiji vya Sussex ambako wenyeji huweka meza za chai na keki mbele ya makanisa, na mtu asiye na haraka anaweza kupumzika kila anapochoka bila kuhisi kwamba anaachwa.

Kilichonivutia zaidi ni mafundi waliowekwa njiani. Cheni ya mwenzangu ilipoanza kuruka, fundi mmoja aliigeuza baiskeli juu chini, akakipapasa kila kiungo kwa kidole gumba mpaka akakipata kilichopinda, akakitoa kwa kifaa kidogo cha mkononi na kuunganisha cheni upya. Hakuiachia baiskeli hiyo hadi alipozungusha pedali kwa muda huku ameinamisha sikio. Uangalifu wa namna hiyo, tena kwa mtu asiyemjua, ndio uliotupa imani kwamba tungefika.

Mtihani wa kweli ni mlima wa Ditchling Beacon, wenye urefu wa mita 248 kutoka usawa wa bahari, ambao waandaaji wameuacha karibu na mwisho, wakati miguu imekwisha kuchoka. Barabara ni nyembamba, sehemu ya chini imefunikwa na miti, na inajipinda kiasi kwamba kila kona hukupa tumaini la kuwa ndiyo ya mwisho. Baiskeli ya rafiki yangu ilikuwa ya kukodi, na duka lililomkodisha lilimhakikishia kwamba ingefaa kwa njia yote, ilhali gia yake nyepesi kuliko zote bado ilikuwa nzito mno kwa mwinuko ule. Alishuka, nami nikashuka, tukasukuma pamoja na umati mkubwa uliofanya vivyo hivyo huku watu wa kando wakitushangilia. Anayekusudia kwenda aijaribu baiskeli ya kukodi kwenye mlima mkali kabla ya siku yenyewe, wala asitosheke na maneno ya muuzaji. Kileleni bahari inaonekana, na kutoka hapo sehemu kubwa ya njia ni mteremko.

Kuhusu michango, mama wa rafiki yangu alimuuliza kwa simu, “Mwanangu, hizo fedha zinamfikia mgonjwa gani?” Ni swali la haki, kwa maana sisi tumezoea mchango wenye mweka hazina na mgonjwa anayejulikana kwa jina. Hapa fedha huenda kwa watafiti, na matunda yake huchukua miaka, jambo ambalo unapaswa kulieleza mapema kwenye kundi la familia kabla ya kumwomba mtu chochote. Vilevile, wachangiaji wanaolipa kodi Uingereza wakumbushwe kukubali mpango wa Gift Aid, kwa kuwa serikali huongeza senti 25 kwa kila pauni 1 bila wao kutoa zaidi. Wachangiaji walioko nyumbani Tanzania wasiolipa kodi Uingereza hawamo katika mpango huo.

Eneo linalohitaji maandalizi makubwa zaidi ni safari ya kurudi, kwa sababu treni za kutoka Brighton hazipokei baiskeli siku hiyo. Yapo mabasi ya kurudi London, pamoja na magari ya kubebea baiskeli, lakini nafasi zake hukatwa kabla. Lipieni nafasi zenu siku ileile mnayojisajili, tena mzikate pamoja, ili mrudi kwenye basi moja.