perf ya Linux isipoitambua prosesa: uzoefu wangu

Kwa kupima programu inakula wapi muda wa prosesa, sijaona zana ya kuishinda perf. Kasoro yake ni ububu. Unaandika `perf stat ls`, mstari wa cycles (mizunguko ya prosesa) na wa instructions (amri ilizotekeleza) unarudisha `<not supported>`, basi. Haisemi tatizo liko kwenye perf yenyewe, kwenye kerneli au kwenye mashine pepe, na kila moja lina dawa yake.

Mimi huanza na `dmesg | grep -i 'performance events'`, yaani kutafuta kwenye kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli kuhusu PMU, sehemu ya prosesa yenye kaunta za kuhesabu matukio kama hayo. Intel iliyotambulika hutajwa kwa jina, kwa mfano `Skylake events`, na mwishoni `Intel PMU driver`. Ujumbe unaopoteza watu ni `unsupported p6 CPU model ... no PMU driver, software events only`. Ukiusoma hivyo hivyo utadhani chipu ni mpya mno, ukimbilie kubadilisha kerneli. Sivyo. P6 ni ukoo wa Pentium Pro hadi Pentium III. Kerneli ikikosa alama ya `arch_perfmon` kwenye prosesa ya familia ya 6, huiangusha kwenye kapu hilo la zamani. Kwa chipu ya leo, maana yake ni kwamba mashine pepe imezificha kaunta. Hakikisha kwa `grep -c arch_perfmon /proc/cpuinfo`. Ukipata 0, jibu ni hilo.

Kuzifungua kaunta, kwenye QEMU/KVM (programu ya kuendesha mashine pepe) weka `-cpu host,pmu=on`. Kwenye VMware, programu nyingine ya aina hiyo, ongeza `vpmc.enable = "TRUE"` katika faili la .vmx. Zima mashine pepe kabisa kisha uiwashe. Kuiwasha upya kutoka ndani hakutoshi. Ikiwa seva ni ya kukodi na mwenye nayo hafungui kaunta, tumia `perf record -e cpu-clock`. Utapata picha ya muda, lakini cache-misses (data kukosekana kwenye kumbukumbu ya haraka ya prosesa) sahau, na msimbo unaokimbia huku interrupt (ishara za kuikatiza prosesa) zimezimwa utahesabiwa pale zinapowashwa tena. Usiiamini sana picha hiyo ukichunguza kerneli.

Kerneli ikiwa kweli ni ya zamani kuliko chipu, dmesg husema `generic architected perfmon`: cycles zinahesabika, matukio maalumu ya chipu hayapo. Hapo ndipo kerneli mpya inasaidia. Na kama dmesg ni safi ila `perf list` haina majina ya matukio ya chipu yako, perf ndiyo iliyochelewa, kwa sababu majedwali ya majina hujengwa ndani yake. Sakinisha toleo jipya, au andika namba moja kwa moja: `cpu/event=0xc0,umask=0x00/` ni instructions kwenye Intel.

`<not counted>` ni jambo jingine kabisa. Kwenye Alder Lake, prosesa ya Intel yenye viini vya aina mbili, `cpu_core` na `cpu_atom`, ni kwamba programu haikupita kwenye aina hiyo ya kiini.

Kuhamia OProfile, zana nyingine ya upimaji, hakuokoi: amri yake ya operf hupitia mlango uleule wa kerneli unaotumiwa na perf, na msimbo wa zamani wa OProfile ndani ya kerneli uliondolewa Linux 5.12, mwaka 2021.