Masta ya Isimu ya Kiingereza Kampala: Mtafute Msimamizi Kabla ya Kulipa Ada

Joho nimeshavaa, na picha mama ameshaitundika sebuleni juu ya televisheni, kwa hiyo naweza kusema bila woga. Walimu wenzangu wa Kiingereza wanaonipigia simu huuliza swali lilelile: masta ya Kiingereza hapa Uganda inafaa, au ni kutupa pesa? Ninavyoona mimi, mwaka wa kwanza, ule wa madarasa, unastahili kila shilingi. Mwaka wa pili, ule wa tasnifu, uko mikononi mwa mtu mmoja, msimamizi wako, na siku unayolipa ada hakuna anayekuonyesha huyo mtu ni nani.

Chuo chenyewe sikitaji. Si Makerere, ingawa maktaba ya Makerere nimeikalia sana, na kero nitakazozieleza zinaweza kukukuta penginepo pia. Nilisoma masomo ya jioni huku nikifundisha mchana. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, baba alikuwa afande, na Kiswahili ndicho tulichogombania mpira nacho. Luganda niliiokota barabarani, Kiingereza nikakikuta shuleni. Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonipa mada.

Isimu, yaani sayansi ya lugha, au fasihi? Anayependa riwaya hukimbilia fasihi, na ni sawa, ila ajue atasoma kurasa nyingi kila wiki na kuandika insha ndefu za uhakiki. Isimu inamfaa mtu mwenye sikio na subira ya kuhesabu. Mimi nilikuwa nimechoka kusahihisha daftari za wanafunzi wanaokosea vilevile kila muhula bila mimi mwenyewe kujua sababu. Nikaenda isimu.

Kozi zilikuwa fonetiki na fonolojia (sauti za lugha), sintaksia (muundo wa sentensi), isimujamii (lugha katika jamii), pragmatiki (maana katika matumizi) na mbinu za utafiti. Mbinu za utafiti ilichosha, basi. Sintaksia ilitukesha tukichora miti ya sentensi mpaka umeme unakatika. Isimujamii ndiyo iliyonirudishia pesa yangu.

Mhadhiri alianza na William Labov, Mmarekani ambaye mwaka 1962 aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la rahisi. Aliulizia bidhaa ambayo alijua fika iko ghorofa ya nne, kwa Kiingereza fourth floor, maneno mawili yenye r, kisha akajifanya hakusikia ili muuzaji arudie jibu. Akitoka hapo anaandika kama r ya Kiingereza imesikika au imemezwa. Kadiri duka lilivyokuwa la watu wa juu ndivyo r ilivyosikika zaidi, na mtu akirudia kwa uangalifu, r huongezeka.

Baada ya somo hilo tukaambiwa twende tukafanye ya kwetu. Kundi letu lilichagua r na l, maana katika Luganda sauti hizo mbili zinagawana nafasi: r hufuata i na e, kwingine kote ni l. Tulizunguka maduka ya vifaa vya shule katikati ya jiji, tukionyesha rula kwa kidole na kuuliza kwa Kiingereza kile ni nini, ili muuzaji aitaje mwenyewe. Neno hilo lina sauti zote mbili, moja mwanzoni na nyingine katikati, na mdomo hauna pa kujificha. Akisema, tunajifanya hatukusikia kwa kelele za boda. Anarudia polepole, na mara nyingi tamko la pili lilikaribia zaidi Kiingereza cha darasani. Muuzaji mmoja alidhani tumetoka URA, mamlaka ya mapato, kukagua risiti, akaanza kuteremsha mlango wa duka. Tulirudi darasani tukicheka, kisha mhadhiri akatugeuzia kibao: wale wauzaji mliwaomba ruhusa? Leo kamati ya maadili ingekubali mradi kama wa Labov? Mjadala ule ulimaliza kipindi kizima, na sikuujutia muda wake.

Sauti tulizochanganua baadaye tulizipitisha kwenye Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Haitaki kompyuta ya bei mbaya. Yangu ni ya mtumba na iliimudu vizuri. Unarekodi, unakuza wimbi la sauti kwenye skrini, unaona kwa macho pale ambapo ulimi umegusa na pale ambapo haukugusa. Kama unataka isimu, anza kuichezea hata kabla ya kudahiliwa.

Kozi moja ya fasihi ya Afrika tuliichukua pamoja na wenzetu wa upande wa fasihi, na hiyo ndiyo iliyonipeleka maktaba ya Makerere. Juni 1962 walikutana hapo waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele, na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye bado alikuwa mwanafunzi hapohapo akiitwa James Ngugi. Shaaban Robert hakuwamo, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyekuja kuisema hadharani kasoro hiyo miaka ya baadaye. Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili nilisoma habari hiyo nikasimama kidogo, nikatoka nje kununua chai.

Halafu kuna Obi Wali wa Nigeria, ambaye mwaka 1963 aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Afrika kwa lugha za Ulaya inaelekea ukutani. Transition lilikuwa jarida la hapahapa Kampala, lilianzishwa mwaka 1961 na Rajat Neogy, na matoleo yaliyofuata yamejaa watu wanaomjibu Wali kwa hasira na kwa akili. Kulisoma ukiwa katika jiji lilikochapishwa kuna raha yake. Tulipoulizwa darasani tuchague upande, nusu yetu tulimuunga mkono Wali, na mjadala mzima tuliufanya kwa Kiingereza kwa sababu alama zinatolewa kwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja wa Gulu alitukumbusha kwamba mshairi wetu Okot p'Bitek aliutunga utenzi wake wa Lawino kwa Kiacholi kwanza, akamaliza ubishi wa siku hiyo.

Sasa tasnifu. Ipo hazina ya kimataifa ya Kiingereza inayokusanya mazungumzo na maandishi ya nchi mbalimbali ili watafiti walinganishe. Sehemu yake iitwayo ya Afrika Mashariki ilikusanywa Kenya na Tanzania. Uganda haimo. Kiingereza chetu kimeanza kuandikwa kwa undani miaka ya karibuni tu, na kitabu cha kuanzia ni kile cha 2016 kilichohaririwa na Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo. Nilipokisoma niliona nafasi yangu: watu wengi wanaangalia jinsi Luganda au Runyankore inavyokiathiri Kiingereza, na watoto wa kambi za polisi, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya mchezo, hawana mtu wa kuwaangalia. Hiyo ikawa mada. Barua ya kuingia kambini ilipatikana haraka kuliko nilivyotarajia. Kamati ya maadili ya utafiti ilikawia, kwa kuwa wahojiwa wangu walikuwa watoto na kila mmoja alihitaji saini ya mzazi pamoja na ridhaa yake mwenyewe. Baada ya hapo kuna kusajili utafiti kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mwenye mada ya vitabu tu hukwepa safari hii yote, jambo la kulifikiria kama una haraka.

Msimamizi niliyepangiwa alikuwa mtu mpole, msomi kwelikweli, na mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi. Nilimtumia sura ya pili akanijibu kwa WhatsApp kwamba ataiangalia mwisho wa wiki, ila wiki gani hakusema. Muhula ukaisha. Nikienda ofisini nakuta wenzangu wamejipanga kwenye benchi la korido, kila mmoja na bahasha yake, na karatasi mlangoni inasema yuko kikaoni. Kisha akapata likizo ya utafiti nje ya nchi. Barua pepe zikawa zinajibiwa kwa mstari mmoja, sura zangu zikawa haziguswi. Na ada? Ada inaendelea. Muda wa miaka miwili ukipita, unalipia kila muhula unaoongeza, hata kama kilichokuchelewesha ni kungoja kusomwa. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo, na sioni kwa nini mwanafunzi abebe gharama ya foleni ya mwingine.

Niliandika barua kwa mkuu wa idara nikiomba kubadilishiwa, nikaambatanisha tarehe za kila sura niliyotuma. Tarehe zile ndizo zilizofanya kazi, kwa sababu malalamiko matupu wanayasikia kila siku. Nikapewa Dokta mmoja mama, karibu na kustaafu, ambaye sifa yake katika korido ilikuwa ya kutisha. Aliirudisha sura yangu ya kwanza baada ya wiki mbili ikiwa imejaa kalamu nyekundu kuanzia kichwa cha habari. Pembeni ya aya niliyoipenda sana aliandika: "Mwalimu, nani amekuambia haya?" Kwa kila jedwali aliniuliza mtoto gani alisema hivyo, alikuwa akiongea na nani, na kulikuwa na mtu mzima karibu? Nilirudi kwenye rekodi zangu nikagundua kwamba watoto hawa wanakizungumza Kiingereza kimoja mbele ya mwalimu na kingine wakiwa kwenye foleni ya maji, na tofauti hiyo ikawa sura nzima. Dokta hakuwahi kunisifu. Alisema tu, "Sasa lete inayofuata."

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, nenda idarani mwenyewe. Uliza nani anashughulika na eneo lako, ana wanafunzi wangapi wa masta kwa sasa, na wa mwisho kuhitimu chini yake alihitimu lini. Mhadhiri akikwepa maswali hayo, mtafute katibu wa idara, msalimie vizuri, umuulize yeye. Katibu anajua nani husoma na nani hulundika. Ukipata mtu aliye tayari, mwandikie ukurasa mmoja wa wazo lako kabla ya kuomba nafasi.

Hatua za mwisho nazipitia haraka. Tasnifu inapimwa kwa programu ya kukagua wizi wa maandishi, inaenda kwa mtahini wa ndani na wa nje, kisha unaitwa kuitetea. Utetezi ulikuwa mfupi kuliko usiku wa kuamkia utetezi. Mtahini mmoja alinibana kuhusu sampuli, mwingine akataka kujua kama neno "kambi" linafaa kubaki bila tafsiri. Ukishafanya masahihisho, unabaindi nakala zenye jalada gumu. Nilizipeleka barabara ya Nasser, ambako wanachapa chochote duniani, na wenye kuijua barabara hiyo wanajua kwamba wapo wanaodaiwa kuchapa hata shahada yenyewe. Mimi nilichapa tasnifu tu.

Vitabu visikuogopeshe. Vya nadharia ni ghali, lakini maktaba ya chuo ikiwa imejiunga na Research4Life, mpango wa kimataifa wa majarida ya kitaaluma, utapata majarida mengi bure. Bando la intaneti ndilo litakalokula pesa, pamoja na nauli ya boda za usiku baada ya kipindi.

Je, mshahara? Hapa niwe mkweli kwa wenye familia. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tukabaki palepale, na Juni mwaka huo tuligoma. Masta yangu haijausogeza mshahara wangu hata shilingi. Imenifungulia vipindi vya kufundisha kwa mkataba jioni katika chuo kimoja, na malipo yake huja yanapojisikia. Kichekesho ni kwamba mwalimu mkuu wangu alipoona cheti cha isimu alinipa Kiswahili cha kidato cha kwanza, kwa kuwa mtaala mpya wa 2020 umekiweka kati ya masomo ya lazima na walimu wake ni wachache. Nakifundisha kwa furaha, na fonetiki niliyoisoma inanisaidia huko kuliko kwenye Kiingereza.

Kama lengo lako ni cheo cha utawala shuleni, masta ya uongozi wa elimu itakufikisha kwa jasho dogo. Kama unataka baadaye kuendelea na uzamivu, uliza mapema kuhusu mipango miwili ambayo vyuo vingi hapa hutoa: wa kwanza una tasnifu kamili, wa pili una kozi zaidi na mradi mdogo. Wa pili unakutoa shimoni mapema, lakini mlango wa uzamivu unaweza kukubania. Muulize msajili akujibu kwa maandishi, na barua hiyo uihifadhi pamoja na risiti za ada.