Nobu ya altimeta inayojizungusha: uzoefu wangu na kisanduku cha simuleta ya ndege

Nianze na maneno ya muuzaji, maana yananikera kuliko hata hela yangu: "Kaka, hilo si gemu tu? Nani atakufa?"

Nilimpigia kwa ustaarabu kabisa. Kisanduku chenyewe, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta chenye nobu za kurushia ndege ya simuleta (gemu ya kuigiza urubani), alinitumia kwa basi kutoka Kariakoo, na mwanzoni nilimsifia kwa kila aliyepita kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Nobu ya kugeuza uelekeo ni laini, hailegei, haikwami. Ya kupangia kimo cha rubani otomatiki nayo sina neno nayo. Nikawa natamba. Halafu nikaanza kuitumia ile ya kushoto, ya altimeta, chombo kinachoonyesha ndege iko kimo gani.

Ukiizungusha unasikia tik, tik, na kila tik ni namba moja: 1015, 1016, 1017. Safi. Unaiachia. Inatulia kidogo, halafu unaona kwenye skrini imefika 1019, na wewe mikono iko mapajani. Ukiirudisha kushoto tik moja, inaruka kulia tatu. Ukiweka kikombe cha chai mezani kwa nguvu kidogo, imeshaongeza nyingine.

Najua kuna atakayesema namba mbili tatu zina ubaya gani. Altimeta haijui ardhi iko wapi! Inapima mgandamizo wa hewa tu, basi. Ni wewe unayeiambia mgandamizo wa leo, ukihesabiwa kwa usawa wa bahari, ni hektopaskali ngapi, na yenyewe ndiyo inapiga hesabu ya kimo. Ukikosea hektopaskali moja umekosea karibu futi 28. Ukiweka namba kubwa kuliko ya kweli, inakudanganya kwamba uko juu wakati uko chini, na huo ndio upande mbaya wa kudanganywa. Na nobu hii ikiruka, inarukia upande huohuo.

Sasa njoo Kigoma. Uwanja wetu uko futi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kama futi 2,540. Tofauti ni futi 160 hivi, yaani hektopaskali sita. Sita tu! Sindano inasema uko sawa na lami ya uwanja, kumbe uko sawa na mitumbwi.

Jioni moja nilitoka Tabora. Kabla ya kuruka nilihakikisha kama inavyotakiwa: uwanja wa kule uko karibu futi 3,870, nikazungusha mpaka sindano ikasoma hivyo. Nikavuka mabwawa ya Malagarasi, nikaanza kushuka. Mnara wa kuongozea ndege wa simuleta ukanipa 1017, nikaweka 1017, nikaiona kwa macho yangu. Nikazunguka juu ya ziwa, giza limeshaingia (simuleta yangu haina karabai za wavuvi wa dagaa, kwa hiyo ziwa lote ni jeusi tii), nikageukia uwanjani. Sindano ilisoma 2,850. Bado futi 150 hewani, najiandaa taratibu. Magurudumu yakagonga vichaka kabla hata sijaifikia lami. Kutazama kidirisha cha altimeta: 1023.

Ndipo nikampigia. Jibu lake la kwanza: "Bonyeza B kwenye kibodi, itajiweka sawa." Ndugu yangu, kama ningetaka kubonyeza B ningenunua nobu ya nini? Na hata ukibonyeza B namba inakaa sawa mpaka kisanduku kitakapojisikia kuruka tena. La pili: "Basi iache kwenye 29.92, wote wanafanya hivyo." Hapo nilisimama. 29.92 ni hektopaskali 1013 kwa vipimo vya inchi vya Wamarekani, na ni ya kutumia ukiwa juu sana, ambako ndege zote zinaweka namba moja ili zipishane kwa hesabu moja. Si ya kutulia Kigoma. Siku ya 1017 ukiiacha hapo, ndege imeegeshwa uwanjani, injini imezimwa, na altimeta inakuonyesha kama futi 2,590, karibu usawa wa ziwa. Nikamweleza yote hayo. Akacheka. Akasema huko mwisho wa reli nani ananiangalia, kisha ndiyo hiyo ya nani atakufa. Akakata simu.

Mwaka 1929 rubani Jimmy Doolittle alipaa na kutua kule Marekani huku amefunikwa asione nje, akitegemea vyombo peke yake, kimojawapo altimeta ya Kollsman ambayo unaizungushia kinobu kuweka mgandamizo wa siku. Karibu miaka mia imepita, na mimi nimeuziwa kinobu kisichoweza kukaa kwenye namba niliyoipa.

Kwa hiyo msinunue. Ingawa, niseme haki, kama unarushia kule Tabora mchana kweupe, ardhi tambarare, unaona lami toka mbali, pengine hutaona tatizo kabisa, na hizo nobu nyingine kwa bei ile hupati mahali. Kuna fundi wa redio hapa mtaani amekifungua akasema ni kipande kidogo ndani kimechakaa, kinabadilishwa. Nilitaka kumpa nyota tatu. Nikakumbuka kile kicheko. Angesema tu "nirudishie nikuangalizie", yangeishia hapo, na leo ningekuwa namtafutia wateja.

Nyota moja, na hiyo ni ya nobu ya uelekeo. Anayekitaka aje nyumbani akijaribu mwenyewe, bei tutaelewana, ila ile ya kushoto sitamhesabia.