Monita ya Michezo kwa Bei Nafuu: Cha Kulipia na Cha Kuacha

Karibu kila monita ya michezo inayouzwa kwa bei ya chini hunadiwa kwa maneno yaleyale: kasi kubwa, milisekunde 1, HDR (uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja), skrini iliyopinda. Mengi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayamwambii mnunuzi atakachokiona mchezo ukishaanza. Katika daraja hili la bei kila monita imepunguziwa kitu, kwa kuwa hakuna mtengenezaji awezaye kuweka kila sifa nzuri na bado akauza kwa bei hiyo, na mnunuzi makini hana budi kutafuta kilipopunguzwa kabla hajatoa fedha yake. Msimamo wangu, baada ya kutumia na kulinganisha monita za aina hii kwa muda mrefu, ni kwamba fedha chache alizonazo mtu ziende kwenye mwendo safi wa picha, na kwamba HDR, mpindo wa skrini na inchi za ziada vinaweza kuachwa bila kupoteza chochote cha maana.

Uchaguzi wenyewe huanzia kwenye kompyuta. Skrini ya pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, 1920 kwa 1080 ina jumla ya pikseli milioni 2.07, ile ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na ile ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.29. Kadi ya grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha, hulazimika kuzichora pikseli hizo zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, hivyo kuhama kutoka daraja la kwanza kwenda la pili ni kuiongezea kazi ya pikseli kwa takribani asilimia 78, na kuhamia 4K ni kuizidishia mara nne. Mwenye kadi ya daraja la chini anayenunua skrini ya 1440 kwa sababu tu ameikuta kwenye punguzo atajikuta akizima mapambo ya kila mchezo mpya ili uende, au akiishusha picha hadi 1080, na hapo hasara huwa mbili, kwa sababu skrini za kisasa hutoa picha kali pale tu pikseli moja ya picha inapoangukia juu ya pikseli moja ya paneli. Mistari 1080 haiwezi kugawanywa sawasawa juu ya mistari 1440, basi picha hutandazwa na kingo zake hufifia.

Ukubwa wa skrini nao ufuate hesabu hiyohiyo. Monita ya inchi 24 yenye 1080 ina pikseli 92 hivi katika kila inchi; ya inchi 27 yenye 1440 ina 109; lakini ya inchi 27 yenye 1080 hubaki na 82 tu. Hii ya mwisho ndiyo bidhaa ninayoikataa waziwazi kuliko zote katika soko la bei nafuu. Mtu aketipo mezani kwa umbali wa kawaida, herufi zake huonekana na meno, waya na majani ya mbali katika mchezo huwa ngazi ngazi, na adui aliye mbali hubaki vidoa vichache visivyosomeka vizuri. Inauzwa sana kwa sababu inchi ndizo zinazoonekana kwanza, na kwa sababu tofauti yake ya bei na ile ya inchi 24 mara nyingi huwa ndogo. Afadhali skrini ndogo iliyo kali.

Kuhusu kasi, yaani idadi ya mara ambazo skrini huonyesha picha upya kwa sekunde, hesabu fupi ya muda husaidia kuliko matangazo. Kwa Hz 60 kila picha hukaa mbele ya macho kwa milisekunde 16.7, kwa Hz 144 hukaa milisekunde 6.9, kwa Hz 240 hukaa 4.2. Hatua ya kwanza hupunguza karibu milisekunde 10 na mtu yeyote huihisi papo hapo, hata anaposogeza kipanya juu ya meza ya Windows bila mchezo wowote kufunguliwa. Hatua ya pili hupunguza chini ya milisekunde 3 tu. Ama kutoka 144 kwenda 165, tofauti haifiki hata milisekunde 1. Kwa hiyo, mwenye bajeti ndogo ambaye bado yuko kwenye Hz 60 avuke hadi 144 kwa kila njia, kwa kuwa hakuna badiliko jingine litakalompa faida kama hiyo. Lakini akiwekewa 144, 165 na 180 mbele yake, achague kwa sifa nyingine, na asikubali kulipa nyongeza kwa ajili ya namba hizo peke yake.

Kasi hiyo haina maana kamili bila uwezo wa monita kuisubiri kadi ya grafiki. Fremu hazitoki kwa vipindi sawa: penye uwanja mtupu hutoka haraka, penye moshi na milipuko huchelewa, na monita isiyojua kusubiri huonyesha nusu ya fremu moja juu na nusu ya nyingine chini, picha ikaonekana imechanika katikati. Dawa ya zamani ilikuwa kuilazimisha kadi ifuate mpigo wa monita, na dawa hiyo huchelewesha amri za mchezaji. NVIDIA ilipotangaza G-Sync mwaka 2013, monita ilianza kufuata kadi, ila kwa kutumia kifaa maalumu kilichowekwa ndani yake ambacho kilipandisha bei. Mwaka uliofuata shirika la viwango la VESA liliingiza utaratibu wa namna hiyo katika DisplayPort, kiunganishi cha kompyuta na monita, AMD ikautumia kwa jina la FreeSync, na Januari 2019 NVIDIA nayo ikaruhusu kadi zake kuanzia mfululizo wa GTX 10 zifanye kazi na monita hizo. Tangu hapo sifa hii imekuwa haki ya mnunuzi wa kawaida.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni mipaka ya kasi ambamo sifa hiyo hufanya kazi. Monita yenye mipaka ya Hz 48 hadi 144 inaweza kuendelea kusaidia hata mchezo unaposhuka hadi fremu 40, kwa kuonyesha kila fremu mara mbili, kwa kuwa 80 bado imo ndani ya mipaka. Monita ya Hz 75 yenye mipaka ya 48 hadi 75 haina nafasi hiyo, kwa kuwa kikomo cha juu hakifiki mara mbili ya kile cha chini. Ikifika fremu 45, mara mbili yake ni 90, na skrini haiwezi kuzifikia. Matokeo yake ni kwamba mwenye kompyuta dhaifu, ambaye ndiye anayeihitaji sifa hii kuliko wote, huikosa pale pale anapoihitaji. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu anunue monita ya Hz 75 iliyobandikwa jina la michezo, hata ikiwa bei yake inavutia.

Sasa paneli, yaani bamba lenyewe linaloonyesha picha, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Aina tatu hukutana katika daraja hili: TN, VA na IPS. TN ni ya haraka na ya gharama ndogo, lakini rangi zake hubadilika mtu akiinamisha kichwa kidogo tu, na kwa kuwa paneli nyingine zimeifikia kwa kasi, sioni tena sababu ya kuichagua. VA hutoa weusi wa kweli: uwiano wake wa weupe kwa weusi kwa kawaida hufika 3000 kwa 1, wakati IPS huzungukia 1000 kwa 1. Pango katika mchezo likionyeshwa kwenye VA huwa giza. Likionyeshwa kwenye IPS huwa kijivu, tena pembeni mwa skrini huonekana mng'ao hafifu chumba kikiwa hakina taa. Mtu akisoma hayo tu angechagua VA bila kusita, na wengi hufanya hivyo, hasa kwa kuwa monita nyingi zilizopinda za bei nafuu ni za VA.

Tatizo la VA ya bei nafuu hujitokeza picha inapokwenda. Pikseli zake huchelewa sana kutoka rangi nyeusi kwenda rangi nyingine za giza, na zipo zinazohitaji zaidi ya milisekunde 20 kukamilisha badiliko hilo, ilhali kwa Hz 144 fremu mpya hufika kila baada ya milisekunde 6.9. Fremu tatu hupita pikseli moja ikiwa bado safarini. Mchezaji akigeuka ghafla usiku ndani ya mchezo, nguzo, miti na sare za giza huburuta vivuli vyeusi nyuma yake kama wino uliopakwa kwa kidole. Anayecheza michezo ya ushindani hulipia kasi kisha akanyang'anywa kasi hiyohiyo na paneli. Kwa sababu hiyo IPS ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, na VA naiachia yule anayecheza taratibu, usiku, michezo ya hadithi na ya kutisha, ambako giza lenyewe ndilo utamu wa mchezo. Hata yeye aitazame kwanza ikiwa katika mwendo.

Namba ya milisekunde 1 iliyoandikwa kwenye boksi, inayodaiwa kuwa muda wa pikseli kubadilika rangi, haitamsaidia mnunuzi kutambua tofauti hii, kwa kuwa monita za VA na za IPS zote zinaweza kuiandika. Wakati mwingine imepimwa kwenye badiliko la rangi lililo jepesi kuliko yote, tena kifaa kikiwa kimewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha ovadraivu, yaani mpangilio unaozisukuma pikseli zibadilike haraka. Katika kiwango hicho pikseli hupitiliza na kuacha mstari mweupe nyuma ya kila kinachosogea, kwa hiyo hakuna anayecheza hivyo. Wakati mwingine ni kipimo kingine kabisa kiitwacho MPRT, ambacho hupatikana kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma kati ya fremu. Njia hiyo husafisha mwendo kweli, lakini hupunguza mwangaza, na katika monita nyingi haikubali kutumika pamoja na FreeSync. Namba moja, maana mbili, na zote hazielezi matumizi ya kila siku.

HDR haihitaji maelezo marefu. Cheti cha DisplayHDR 400, kilicho cha chini katika mpango ulioanzishwa na VESA mwishoni mwa 2017, kinadai mwangaza wa kilele wa niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 400, bila kudai taa ya nyuma inayoweza kufifishwa sehemu moja na kuachwa kali sehemu nyingine. Bila uwezo huo jua na kivuli huangazwa kwa kiasi kilekile. Palipoandikwa tu kwamba monita inakubali HDR, maana yake ni kwamba inapokea mawimbi hayo, si kwamba inaweza kuyaonyesha. Mpindo wa skrini nao, kwa inchi 24 zenye upana wa kawaida, hauna kazi.

Kwa mfano hai, AOC 24G2 inaonyesha vizuri mchanganyiko ninaoutetea: inchi 23.8, pikseli 1920 kwa 1080, paneli ya IPS, Hz 144, FreeSync, na stendi inayopandishwa, kushushwa na kugeuzwa. Toleo la 24G2SP lilipandishwa hadi Hz 165, na kwa niliyoyaeleza hapo juu, mwenye kupata lile la kwanza kwa bei ya chini hajapungukiwa. Kwa mwenye kadi yenye nguvu zaidi, Gigabyte M27Q hutoa inchi 27, 2560 kwa 1440 na Hz 170 kwa IPS, pamoja na kitufe cha kuhamisha kibodi na kipanya kati ya kompyuta mbili. Hata hivyo, katika toleo lake la kwanza vijipande vya rangi ndani ya kila pikseli vimepangwa kinyume, bluu ikitangulia nyekundu, na Windows huchora herufi ikitarajia mpangilio wa kawaida, hivyo kingo za maandishi huonekana na rangi kidogo. Katika mchezo jambo hilo halionekani; kwa anayeandika mchana kutwa kwenye monita hiyohiyo, ni sababu ya kutosha ya kutafuta nyingine.

Stendi hupuuzwa mno. Nyingi za bei nafuu huinama tu mbele na nyuma, na mtu hubaki ameinamisha shingo saa nzima za mchezo. Ikiwa nyuma ya monita kuna matundu manne yaliyopangwa kwa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, tatizo hilo linaweza kutatuliwa baadaye kwa mkono wa kufunga mezani. Yasipokuwapo, stendi iliyokuja nayo ndiyo utakayokaa nayo.

Mwenye konsoli asome sehemu ya viunganishi kabla ya jambo jingine lolote. PlayStation 5 hutoa Hz 120 kwa 1080 hata kupitia HDMI 2.0, na tangu sasisho la Septemba 2022 hukubali 1440, lakini kasi inayobadilika, yaani ule uwezo wa monita kuzifuata fremu, huitoa tu kwa monita yenye HDMI 2.1, ambayo katika bei hii ni adimu. Xbox Series X na Series S hukubali FreeSync kupitia HDMI ya kawaida, na kwa hiyo hupatana vizuri zaidi na monita za bei nafuu. Mwenye kompyuta atumie DisplayPort, kwa kuwa monita nyingi zilizoandikwa 165 au 180 hufikia namba hiyo kwa DisplayPort tu na kuishia chini yake kwa HDMI.

Monita ikishafungwa mezani, mipangilio ya skrini katika Windows ifunguliwe siku hiyohiyo na kasi ichaguliwe kwa mkono, kwa sababu mara nyingi mfumo huanza na Hz 60 na kubaki hapo mpaka mtu auambie vinginevyo. Ovadraivu iwekwe katikati, kisha jaribio la mwendo la TestUFO lifunguliwe kwenye kivinjari na kulinganishwa kiwango kimoja baada ya kingine, hadi kivuli kilicho nyuma ya picha kiwe kifupi bila mstari mweupe kujitokeza. Skrini ijazwe nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu kwa zamu ili kutafuta pikseli zilizokufa, na pembe zitazamwe gizani kuona kama mwanga unavuja. Kwa kuwa masharti mengi ya waranti huvumilia pikseli chache mbovu, ukaguzi huu ukamilike kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujaisha.