Kitabu cha ngano chenye picha: kipi ununue kwanza

Kabla ya kuuliza bei, soma kurasa mbili kwa sauti ukiwa dukani. Vitabu vingi vinavyojiita vya kwetu ni ngano za Ulaya zilizovishwa kanga: minazi ipo, mlango wa nakshi upo, ila mtoto anaingia kwa mkubwa bila hata shikamoo.

Kipimo kizuri ni kisa cha Sultan Darai, alichokisikia mmisionari Mwingereza Edward Steere Unguja na kukichapisha 1870. Kinafanana na kile cha Ulaya cha paka mwenye viatu, lakini hapa msaidizi ni paa, aliyenunuliwa kwa thumni iliyookotwa jaani. Paa anamtajirisha maskini aliyemnunua na kumpatia mke. Akiugua, ananyimwa hata chakula cha maana, anakufa, na bwana wake anaamka yuko jaani, akichakura. Kwa hiyo fungua kurasa za mwisho. Kikiishia harusini, usinunue: kisa kimeng'olewa moyo, na mtoto wa miaka sita anaumudu mwisho wake halisi.

Nafasi ya kwanza tunakipa kitabu chembamba cha jalada laini, kurasa 24 au 32, kilichobanwa kwa pini katikati. Kinafunguka kikalala, hivyo picha ya kurasa mbili haimezwi na mgongo. Karatasi iwe ya gramu 100 kwa mita ya mraba au zaidi; nyepesi huonyesha picha ya nyuma. Kagua pini: Pwani hushika kutu upesi, na karatasi huchanika hapo hapo.

Cha pili ni cha jalada gumu, hasa kwa maktaba ya darasa, mradi kurasa zimeshonwa kwa uzi. Za gundi tupu huanza kuchomoka katikati.

Cha tatu ni cha kujichapia. Tovuti ya African Storybook inatoa hadithi za Kiswahili bure. A4 moja ikikunjwa ni kurasa 4, basi kisa cha kurasa 16 kinataka karatasi 4, pande zote mbili. Kwenye printa chagua kijitabu, kisha kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki katikati. Omba ile ndefu, au shona kwa sindano na uzi.

Cha kadibodi kinabaki mwisho. Kinafaa chini ya miaka mitatu, kwa kuwa hakitafuniki kirahisi, lakini maneno yake ni machache mno kubeba ngano.