Kozi ya kuandika filamu za kugusa moyo, na mkufunzi aliyetaka mzee wangu alie kwa lazima

Idadi ya video, cheti, na nani na nani wameisifia kozi hii mtavikuta kwenye matangazo yao. Mimi nina neno kuhusu sini moja tu niliyoiandika, yaani tukio moja la filamu, ya ukurasa mmoja na ushee, na yaliyoipata mbele ya darasa zima.

Sini yenyewe ni hii. Mzee amefiwa na mkewe aliyeugua muda mrefu. Mazishi yamekwisha, watu wametawanyika. Saa tatu usiku alamu ya simu inalia, ile aliyoitega kwa ajili ya dawa za mke. Mzee anainuka bila kufikiri, anamimina maji kwenye glasi, anahesabu vidonge kiganjani, anakwenda mpaka mlango wa chumbani. Anasimama. Anavirudisha vidonge kwenye chupa, kimoja kimoja, kisha yale maji anayanywa yeye. Simu inamuuliza: zima au ahirisha? Anaahirisha. Basi. Hakuna neno linalotamkwa.

Ilikuwa darasa la moja kwa moja, lile wanalolinadi kuliko vyote kwa sababu eti unakutana na mkufunzi mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, haraka haraka, akaruka hata ule mstari wa "Anasimama." Alipofika mwisho akaniuliza, "Sasa dada yangu, huyu mzee halii?"

Nikamwambia, "Hapana mwalimu, halii."

"Mtazamaji atajuaje kwamba ana huzuni?"

Kabla sijafungua kinywa akaanza kuandika juu ya skripti yangu, darasa zima tukiona kwenye skrini. Akampigisha mzee magoti. Akampa picha ya marehemu mkononi. Akamwandikia maneno: "Mke wangu, kwa nini umeniacha? Nitaishije bila wewe?" Chini yake, kwa herufi kubwa, akaweka FIDLA ZA HUZUNI, ZINAPANDA. Akaegemea kiti chake. "Mnaona? Hapo mtu lazima atafute leso." Wanafunzi wenzangu kadhaa wakatuma vikatuni vya kulia. Nilipotaka kujibu nikagundua maikrofoni yangu imezimwa, na si mimi niliyeizima. Tukaenda kwenye skripti ya mtu mwingine.

Sijui hata nianzie wapi. Tuanze na hilo swali lake, mtazamaji atajuaje. Mwenye macho haambiwi tazama! Watu wamekaa gizani wakimtazama mzee akihesabu vidonge vya mtu ambaye hayupo, halafu tunaona hawatoelewa mpaka apige magoti na kuwatangazia? Mzee akishalia mwenyewe, mtazamaji anabaki na kazi gani? Kwa uzoefu wangu wa kukaa kwenye viti vya sinema, mtu hulia pale mhusika anapojizuia. Akijimwaga yeye, sisi tunatafuta tulipoweka chupa ya maji. Fidla ni kitunguu: ukikikatakata mbele ya watu macho yatatoa maji, lakini hakuna aliyehuzunika.

Na kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba kozi yao wenyewe inafundisha hivyo. Nyani haoni kundule. Kwenye video za mwanzo kuna somo zuri kabisa juu ya Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi wa miaka zaidi ya 100 iliyopita, aliyechukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha lolote, akaubandika baada ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Uso ni uleule. Inasimuliwa kwamba waliotazama walisifia uigizaji: hapa ana njaa, hapa ana simanzi, hapa ana tamaa. Maana yake, hisia haikuwa usoni pa mwigizaji. Ilitengenezwa na mtazamaji mwenyewe kutokana na kilichowekwa kando ya ule uso. Mkufunzi huyu huyu ndiye aliyelieleza hilo, kwa sauti yake, tena kwa ufasaha! Halafu anakutana na mzee na glasi ya maji, anasahau yote.

Ndipo nikaelewa kwamba sauti ya video na sauti ya darasani ni watu wawili. Yule wa darasani anafuata kitu wanachokiita ramani ya machozi. Hiyo ni karatasi inayokuambia mhusika aonewe huruma ukurasa gani, apoteze kitu ukurasa gani, na watu walie ukurasa gani. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa takriban dakika moja kwenye kioo, ukishapanga kurasa umepanga na saa ya kulia. Sikatai kwamba filamu inahitaji mpangilio. Ila ramani haiulizi kama huyo mtu tumeshampenda. Inauliza tu kama muda umefika.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kwenye Poetiki, kitabu chake juu ya ushairi na tamthilia, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba kisa kinapaswa kujengwa hivi kwamba hata asiyekitazama, akisikia tu yaliyotokea, apate kutetemeka na kuhurumia. Kutegemea vya kuonyesha jukwaani aliona ni ufundi wa chini. Nisomee sini yangu simuni, bila picha, bila muziki. Kisha nisomee ya mkufunzi. Na Chekhov, mwandishi wa Kirusi wa hadithi na tamthilia, kwenye barua ya mwaka 1892, alimshauri mwandishi mwenzake kwamba akitaka msomaji amhurumie mhusika aliyepatwa na mabaya, basi yeye mwandishi awe baridi zaidi. Hayo sikuyapata kwenye kozi, niliyajua kabla, na ndiyo yaliyofanya mzee wangu asilie. Mkufunzi hakuuliza. Angeuliza ningemwambia, kama angeniachia maikrofoni.

Haya, nisiwe mkatili. Kuna somo moja la kurekodiwa ambalo nimelirudia na nitalirudia tena. Linatumia ule mfano maarufu wa Hitchcock, mwongozaji wa filamu za wasiwasi, aliomweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, Truffaut: watu wanaongea mezani, bomu linalipuka ghafla, watazamaji wamepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini waonyeshe bomu chini ya meza kwanza, na saa ukutani, kisha waache wale watu waendelee na porojo zao, umewapa dakika 15 za wasiwasi. Wengi huishia hapo, kwenye filamu za kutisha. Somo hili linaupeleka mfano huohuo kwenye huruma. Mtazamaji akijua jibu la daktari kabla ya mke kujua, kila neno la kawaida linaanza kuuma: mke akipanga safari, akibishana juu ya rangi ya pazia, akisema "mwakani". Huhitaji mtu wa kulia. Unahitaji kujua nani anajua nini, na tangu lini. Nililisikiliza nikasema hapa pesa yangu imelipwa.

Halafu kuna huduma ya kusomewa skripti, inayokuja na kozi, ambayo hata hawaitangazi vizuri. Maoni yalikuja kimya kimya baada ya wiki kadhaa, hayana jina la aliyeyaandika. Mengi ni mafupi mno. Lakini kuhusu sini ya mzee msomaji huyo alisema hivi: usiiguse, ila alamu hiyo tuisikie mara mbili kabla. Mara ya kwanza mke ana nguvu bado, anamtania mumewe kwa kuchelewa na maji. Mara ya pili hawezi kumeza. Na glasi iwe ileile.

Nilisoma nikasimama nikazunguka chumba. Ndiyo! Alamu ikilia mara ya tatu, kazi yote imeshafanyika, na imefanyika kichwani mwa mtazamaji: anamsikia marehemu akitania wakati mzee anamimina maji. Huzuni haiko tena kwa mzee, iko kwenye kumbukumbu ya aliyekaa kitini. Na ile "ahirisha" ya mwisho, ambayo mkufunzi hata hakuisoma kwa sauti, sasa inabeba mke mzima. Mistari minne tu hiyo. Huyo msomaji ndiye mwalimu. Kwa nini hawampi darasa?

Nilitaka hapa niandike kwamba kozi ni nzuri, kwa heri. Lakini niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja, kistaarabu, nikiomba mambo mawili: nirudishiwe sehemu ya ada ya darasa la moja kwa moja, na salamu zangu za shukrani zimfikie yule msomaji. Jibu likaanza "Ndugu mteja mpendwa". La kwanza haliwezekani kwa sababu nimeshatazama zaidi ya nusu ya video. Kwani video ndiyo niliyolalamikia? La pili, wasomaji wao hawaruhusiwi kuwasiliana na wanafunzi, "ili kulinda ubora". Chini wakaambatanisha tangazo la darasa jipya la yule yule mkufunzi, lenye kichwa cha habari kinachoahidi kwamba hakuna atakayetoka na macho makavu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefikiria kujiunga. Ukipata njia ya kulipia video na usomaji peke yake, lipia, hutajuta, hasa usomaji. Tuma sini uliyo na wasiwasi nayo, siyo ile unayojivunia, na omba Mungu ikamfikie yule wa glasi. Darasa la moja kwa moja achana nalo, au ingia ukiwa na skripti usiyoijali. Na ukipewa ile ramani ya machozi, itumie kuangalia kama hadithi yako inasogea, basi, usiandike sini kwa kuifuata.

Nyota nilikuwa nimeshaweka moja siku ile ile ya darasa, kwa hasira. Nikapandisha zikawa nne baada ya yale maoni. Nimerudi leo kuziangalia nikakumbuka "Nitaishije bila wewe", na FIDLA ZINAPANDA, na maikrofoni. Mbili. Sawa, tatu, lakini ya tatu ni ya msomaji, na kampuni isijihesabie.